Uso wa Unga na Masizi

Kila Jumatatu asubuhi, Adhis alitoka Gatwekera, huko Kibera, mapema kuliko wenzake. Alibeba chupa ya chai na mandazi mawili ya moto aliyopewa na anti yake, Trizah, akafuata reli hadi upande wa Olympic, mahali Mzee Wepukhulu alipotandaza magazeti yake juu ya gunia. Mzee alipokuwa akinywa chai hiyo, Adhis aliruhusiwa kusoma ukurasa wa mbele wa Jicho la Jiji, gazeti la kila wiki lililoandika habari za waigizaji na waimbaji. Alipofika shuleni, darasa lote la sita lilikuwa likimngoja.

Jumatatu moja alileta msiba. Yule mpiganaji wa filamu za karate, anayefunga kitambaa chekundu kichwani, alikuwa amekufa kwa teke la kweli filamu ikitengenezwa. Opondo, mwanafunzi mwenzake ambaye hakukosa filamu yake hata moja katika banda la video, hakugusa chakula cha mchana.

"Nani amesema?" aliuliza.

"Gazeti," Adhis alijibu, kifua mbele. "Kitu kikishapigwa chapa si uongo tena."

Haukupita muda, Jicho la Jiji lenyewe likatoa picha ya mpiganaji huyo akifunga ndoa, wala halikutaja kifo. Opondo alidai maelezo. Adhis akasema labda alipona, darasa likacheka, na mambo yakaishia hapo.

Adhis alikaa na anti Trizah, mdogo wa mama yake, kwa sababu wazazi wake walikuwa Siaya. Asubuhi Trizah aliuza mandazi mlangoni. Alasiri alikwenda Kawangware kwa miguu, kwenye ukumbi wa kanisa ambamo kikundi chao cha maigizo kilifanya mazoezi. Mwaka huo walitengeneza filamu kuhusu UKIMWI. Trizah aliigiza mama anayeugua, majirani wakamkimbia mpaka akafa peke yake. Gari la sinema liliionyesha kwenye uwanja wa Kongo huko huko Kawangware, na watu walilia hadi wakakosa vitambaa vya kujifutia.

Jumatatu iliyofuata, Mzee Wepukhulu alimwona Adhis akija, akalifunika Jicho la Jiji kwa gazeti jingine. Adhis alilifunua. Uso wa anti yake ulimtazama, umekonda, macho yamezama, kama kwenye filamu ile. Juu yake paliandikwa kwa herufi kubwa: MWIGIZAJI WA KAWANGWARE AIGIZA KIFO CHAKE MWENYEWE. Duru za kuaminika, gazeti lilisema, zilithibitisha kwamba ile haikuwa filamu bali maisha yake.

"Huo ni uongo," Adhis alisema.

"Nenda shule, mwanangu," Mzee alimjibu polepole.

Habari ilikuwa imemtangulia. Opondo alimngoja langoni na kundi zima nyuma yake.

"Sasa, mtangazaji. Leo huna habari?"

"Wameandika uongo."

"Si ulisema kikipigwa chapa si uongo tena? Ama chapa ya anti yako ni tofauti?"

Adhis alikunja ngumi, akampita akaingia darasani. Neno lake mwenyewe ndilo lililokuwa limempiga.

Nyumbani alikuta mandazi yamejaa kwenye beseni kama yalivyoepuliwa. Wateja wa kila siku walivuka upande wa pili wa kijia na kujifanya wanatazama mtaro. Walikuwa wakifanya yale yale yaliyowaliza wengine kule uwanjani. Mama Khaemba, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja na ushauri wake: Trizah aende kupimwa, kisha atundike cheti mlangoni, kila mtu asome.

"Sitaki," Trizah alisema. "Nikitundika cheti leo, kesho jirani anayeumwa kweli ataambiwa atundike chake. Mandazi hayapimwi kwa damu."

Mama Khaemba alipoondoka, Trizah hakumficha Adhis jambo. Biashara isipoamka kabla ya mwezi kuisha, watafunga virago warudi Siaya, na masomo ya Adhis Nairobi yatakatika. Lakini Jumamosi gari la sinema lilikuwa linakuja kuionyesha filamu ile ile Kibera.

"Nataka uso wako," alimwambia Adhis. "Utakubali shule nzima ikuone?"

Adhis alimkumbuka Opondo na kicheko cha langoni. "Nitakubali," alisema. "Na nitasimama mbele kabisa."

Jumamosi uwanja ulifurika. Kabla picha haijawashwa kwenye shuka jeupe, Trizah alimwomba dereva kipaza sauti, akamketisha Adhis kwenye kiti katikati ya mwanga wa taa za gari. Minong'ono ikapita kama upepo juu ya mabati. Trizah hakujitetea. Alichovya vidole katika unga wa ngano na majivu, akampaka Adhis mashavuni na midomoni. Alichukua masizi ya sufuria, akachora mashimo chini ya macho na kwenye taya. Akamalizia na matone ya glisarini kwenye paji la uso, yaliyometa kama jasho la homa.

Adhis alipogeuka kuwakabili, mtoto mmoja alianza kulia. Opondo, aliyekuwa mstari wa mbele, alirudi nyuma hatua moja.

Adhis alikishika kipaza sauti. "Opondo, jana tulikimbia pamoja na nilikushinda. Leo niko hivi. Niandike gazetini kwamba nakufa?"

Kisha akainamia beseni la maji, akanawa, akainua uso wake mbichi wa kila siku. Mtu alianza kucheka, mwingine akapiga makofi, na makofi yakasambaa uwanja mzima.

Trizah alingoja yatulie. "Msinipigie makofi kwa sababu mmedhani mimi ni mzima. Kama ningekuwa mgonjwa, unga wangu ungekuwa ule ule, na mimi jirani yenu yule yule. Anayetaka mandazi, nipo mlangoni kesho."

Asubuhi iliyofuata, Mama Khaemba ndiye aliyetangulia, beseni lake mkononi, macho chini. Wengine walimfuata. Beseni la Trizah likaisha jua halijapanda.

Jumatatu Adhis alipeleka chai kama kawaida. Jicho la Jiji halikuomba radhi. Lilikuwa tayari limemzika mwimbaji mmoja kwenye ukurasa wa mbele. Adhis aliusoma ukurasa wote, neno kwa neno.

"Leo utawaambia nini darasani?" Mzee Wepukhulu aliuliza.

"Nitawaambia gazeti limesema. Halafu nitauliza nani alimwona akifa, na huyo shahidi anaitwa nani, maana humu hamna jina lake."

Mzee alirudisha kikombe. "Uliza hivyo kila mara, hata habari ikikupendeza. Hasa ikikupendeza. Ile ya mpiganaji wa karate ilikupa sifa darasani, ndiyo sababu hukuiuliza swali. Anayeandika uongo ni mmoja tu, Adhis. Miguu unapewa na sisi tunaoubeba."

Adhis alikunja gazeti, akalirudisha juu ya gunia, akaenda kumtafuta Opondo. Alikuwa na deni la kumwambia kwamba shujaa wake hakufa wala hakupona, na kwamba yeye Adhis ndiye aliyeubeba uongo ule.