Kikaratasi cha Bi Léontine

Jumamosi asubuhi katika soko la Limoges, Ufaransa, Solenne Chassaing alikanyagwa kidole, nusura amwage viazi vyake. Aliyemkanyaga alivaa koti la buluu na skafu nyekundu, mkononi ana rundo la vipeperushi vyenye sura yake mwenyewe.

"Samahani, bibie! Nimekuumiza?"

"Mwanasiasa asiyeumiza mtu ni yupi?"

Gaëtan Laborie akacheka mpaka vipeperushi vikamwagika kwenye meza ya jibini. Ikawa ndiyo hiyo. Kufikia Krismasi alikuwa akimpigia simu mara tatu kwa siku.

"Kipenzi changu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe umewala wazee wangapi leo?"

Utani huo ulikuwa na mwiba. Solenne alikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee. Gaëtan alikuwa diwani wa mwaka wa saba, na kazi yake ilikuwa wazee tu. Bibi yake alikufa peke yake ghorofani katika lile joto kali la mwaka 2003 lililoua maelfu ya wazee Ufaransa, akakutwa siku ya nne. Tangu hapo Gaëtan hakuwa na wimbo mwingine. Ndiye aliyeanzisha zamu za kuwapigia simu wazee wanaoishi peke yao. Sawa, lakini wazee hupiga kura kuliko vijana, na Solenne hakuzaliwa jana. Nani anawapelekea wazee keki kila Jumapili bila kutaka kitu? Hata mimi ningemshuku.

Januari Gaëtan alimwomba waoane.

"Unatafuta mke au picha ya kipeperushi?" Solenne akamjibu. "Uchaguzi wako ni Machi. Tutaonana baada ya hapo."

Siku chache kabla ya duru ya pili ya uchaguzi huo, Solenne alifungua mlango wa chumba cha Bi Léontine Faugeras katika ile nyumba ya wazee, mwenye miaka tisini na moja na miguu isiyombeba tena. Akamkuta polisi akimsainisha hati ya kupigiwa kura na mtu mwingine, kama sheria ya huko inavyotaka. Mtu mwenyewe alikuwa Gaëtan, ameketi kitandani anatabasamu.

Damu ilimchemka Solenne. Akamvuta koridoni kwa skafu.

"Huna haya! Hata kura ya Bi Léontine?"

"Ameniomba mwenyewe, mpenzi."

"Na utampigia nani?"

"Hiyo siri yake. Siwezi kukwambia."

"Mwongo wewe! Usinipigie simu tena!"

Alipiga, tena sana. Solenne hakupokea hata moja.

Jumatatu redio ilitangaza: Gaëtan Laborie amepoteza kiti kwa kura moja. Moja! Solenne alisikia raha, kisha raha yenyewe ikamchoma kifuani. Akachukua kahawa ya Bi Léontine, akapanda juu chumbani kwake.

Gaëtan alikuwapo, ndevu hajanyoa, anamkabidhi Bi Léontine kikaratasi cha kura kilichoandikwa jina la Gaëtan mwenyewe.

"Hiki hapa, bi mkubwa. Kama ulivyoagiza."

Bi Léontine akavaa miwani, akakikagua. "Nilimwambia achukue karatasi zote mbili, kila mgombea na yake," akamweleza Solenne. "Ya mpinzani wake aitie kwenye bahasha ya kura, hii ya kwake aniletee. Mimi Mkomunisti tangu usichana wangu, mwanangu. Keki zake nakula, kura yangu simpi!"

"Si ungemtuma mpwa wako?"

"Yule? Angepiga anavyotaka yeye. Ni bwege huyu tu asiyeweza kunidanganya."

Solenne akamgeukia Gaëtan.

"Ungetia hii ya kwako, nani angejua?"

"Hakuna."

"Na ungeshinda."

"Najua. Tangu jana najua." Machozi yalimlengalenga. "Lakini yeye angedhani amepiga kura, kumbe hakupiga."

Solenne aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nisamehe, Gaëtan. Na lile swali la Januari, niulize tena."

"Sasa? Sina cheo, Solenne. Sina hata ofisi."

"Ndiyo maana nataka uniulize leo."

"Muulize upesi," Bi Léontine akadakia, "kahawa yangu inapoa."

Akauliza. Solenne akasema ndiyo, akampa bi mkubwa kahawa yake, na kile kikaratasi akakitia mfukoni mwa sare yake nyeupe.