Mkono Ndani ya Mfuko Mweusi

Jua lilikuwa linazama wakati Vidole alipolibeba kasha la filamu kwapani akapanda ngazi kwenda stoo. Kazi yenyewe ndogo tu: kuitoa filamu kwenye kasha, kuitia kwenye mkebe, kuuziba mkebe kwa utepe na kumkabidhi dereva aupeleke maabara. Alishaifanya mara nyingi asizoweza kuhesabu, na ndiyo iliyompa hilo jina. Filamu ambayo haijasafishwa haitaki kuona mwanga hata chembe. Inafunguliwa ndani ya mfuko mweusi wenye zipu, nawe umechomeka mikono yako kwenye mikono ya mfuko hadi viwikoni. Macho hayana kazi hapo. Vidole ndivyo vinavyoona.

Lakini leo miguu yake ilikuwa mizito.

Mchana kutwa walikuwa wamerekodi onyesho moja kwa kamera mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ya filamu, ya Mjomba wake, nzito kama jiwe la kusagia. Ya pili ya kidijitali, nyepesi, ina skrini yake, unachopiga unakiona papo hapo. Bosi, yaani mtayarishaji, alikuwa ameshatoa neno asubuhi: kamera itakayoshinda ndiyo itakayopiga sinema nzima, na itakayoshindwa irudi kwao pamoja na mwenyewe.

Mwenyewe ndiye Mjomba. Miaka arobaini kazini, hana mke wala mtoto, ila huyu mpwa aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Kumrudisha nyumbani kungekuwa kumzika angali hai, na Vidole alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Halafu likatokea lile la kutokea. Onyesho lilikuwa jepesi: mwigizaji mmoja amekaa mezani anasoma barua, kiti cha pili kitupu. Mjomba akaweka jicho kwenye kitundu cha kamera yake, kisha akanyoosha mkono.

"Jamani, huyo dada kwenye kiti cha pili anafanya nini? Mwambieni apishe."

Watu wakatazama kiti. Wakatazama skrini ya kidijitali.

Kitupu.

"Mzee, futa miwani kwanza," mmoja akatania, na chumba kizima kikacheka. Bosi hakucheka. Aliinama sikioni kwa mwongozaji, na Vidole akayasikia maneno yake vizuri: "Macho yake yamekwisha."

Mjomba alirudisha jicho kwenye kitundu, asilitoe tena mpaka filamu ilipomalizika. Alipoinuka shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho.

Kwa hiyo shahidi alikuwa mmoja tu, naye yumo ndani ya kasha lile. Filamu ikionyesha mtu kwenye kiti, macho ya Mjomba ni mazima na kazi yake ipo. Isipoonyesha mtu, basi tena.

Stoo ilikuwa na dirisha moja, na mwanga mwekundu wa jioni ukipita humo. Vidole aliweka kasha na mkebe ndani ya mfuko, akafunga zipu ya kwanza, akafunga ya pili. Akachomeka mikono. Mpira ukambana juu ya viwiko.

Kwanza ikaja harufu.

Siki. Filamu iliyooza kwa miaka mingi ndiyo inayonuka siki. Hii ilikuwa mpya, aliitoa kwenye boksi jana yake.

Akaendelea. Kifuniko cha kasha, hiki hapa. Bunda la filamu, hili hapa. Sasa ncha... ncha iko wapi? Akapapasa huku, akapapasa kule.

Mtu akampa.

Akamwekea ile ncha katikati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama mtu anavyompa mwenzake uzi autunge kwenye sindano.

Vidole aliganda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika ncha. Wa kushoto ulikuwa umeshika bunda. Na juu ya ule wa kushoto ulikuwa umelala wa tatu, wa baridi, wenye kucha ndefu.

Alitaka kuichomoa mikono, akakumbuka: filamu iko wazi. Akiivuta kwa pupa, mwanga utaingia. Kazi ya mchana kutwa, na Mjomba pamoja nayo, vitaungua kwa nukta moja.

"Usifungue..." ikanong'ona sauti. Ilitoka ndani ya mfuko.

Hatua zikasikika kwenye ngazi, mtu akipanda mbio. Mjomba akaingia akihema.

"Umeshaitoa?"

"Bado. Mjomba... humu ndani kuna mtu."

Mzee hakuuliza ni nani. Hilo ndilo lililomtia Vidole hofu zaidi.

"Fungua zipu, mwanangu."

"Nini?"

"Fungua! Mwanga uingie, iungue yote!"

"Na kazi yako?"

"Kazi na ipotee! Fungua, nakwambia!"

Alirusha mkono kuishika zipu mwenyewe. Vidole akamgeuzia mgongo, akaufunika mfuko kwa kifua, akamsukuma kwa bega. Hakuwahi kumsukuma mzee yule maishani mwake. Aliona vile vicheko vya mchana vimemvunja, na yeye hakuwa tayari kumwacha ajimalize.

"Humjui huyo," Mjomba akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nilikuwa kijana. Nilifungua mfuko kama huo mchana kweupe, kwa haraka zangu tu. Ikaungua yote, nayo ilikuwa filamu ya kwanza ya huyo binti kuigiza. Baada ya siku mbili akafariki. Mama yake akaja kuomba japo picha moja ya mwanawe, nikamwambia filamu imepotelea maabara."

Ule mkono wa baridi ukambana Vidole kidogo. Akapata huruma, hata yeye alijishangaa.

"Basi ndiyo dawa yake hiyo," akasema. "Anataka picha yake. Tumpe, yaishe."

Mjomba akatikisa kichwa kukataa. Akakaa juu ya maboksi, akafunika uso.

Kwa hiyo Vidole akamaliza kazi, akiwa na mikono mitatu. Bunda likaingia mkebeni, kifuniko kikakaa, utepe ukazunguka. Alipoichomoa mikono yake, ilikuwa baridi hadi viwikoni, na kwa siku tatu zilizofuata haikupata joto. Akasema ni uchovu.

Siku ya nne wakakaa ukumbini kutazama. Picha za kidijitali zilitangulia: safi, kavu, kiti kitupu. Kisha ikaja filamu. Giza lake lilikuwa na kina, ngozi ilikuwa ngozi, na barua mezani ungedhani utaigusa.

Na kwenye kiti cha pili alikuwa amekaa mwanamke.

Midomo yake ilikuwa ikicheza. Hakutazama lenzi. Alimtazama aliyekuwa nyuma ya kamera.

"Mmenificha mwigizaji!" Bosi akapiga makofi. "Sijui mmefanyaje, ila filamu imeshinda. Mzee, kazi ni yako. Huyu anasema nini?"

Kamera ya filamu hainasi sauti, sauti hurekodiwa kwa mashine yake pembeni. Fundi sauti akapatafuta mahali penyewe, akapachezesha. Sauti ya mwanamke haikuwemo. Kulikuwa na mngurumo wa kamera, na karibu sana, mnong'ono wa Mjomba.

"Ndiyo. Ni mimi niliyefungua..."

Midomo ikacheza.

"Mikono yangu? Inatetemeka hii, itakufaa nini?"

Midomo ikacheza tena, kwa muda mrefu.

"Ya mpwa wangu ni mizuri zaidi. Jioni itakuwa ndani ya mfuko. Chukua... Ila akifungua, usimguse. Niahidi hilo."

Mwanamke akatikisa kichwa kukubali.

Mjomba hakugeuka.

"Nilikwambia ufungue," akasema huku akilia. "Nilikwambia, mwanangu."

Vidole alitaka kumpiga kofi. Kwa hasira na kwa uchungu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alitaka kumpiga. Akauamuru mkono uinuke.

Haukuinuka. Mikono yote miwili ilikuwa mapajani mwake, wa kushoto umeshika, wa kulia ukizunguka taratibu, kwa ustadi, ikikunja filamu ambayo haikuwepo.