Orodha ya Waliopoa

Faiyaz aliomba blanketi saa saba mchana, mwezi wa Januari, siku ambayo hata mbwa wa mji wa Suva, Fiji, walikuwa wamejilaza mitaroni kutafuta ubaridi. Nazmeen alidhani mumewe anamtania. Fundi mabasi huyo, mtu wa kuvua shati kabla hajavua viatu, alikuwa amejikunyata kwenye kochi, midomo imepauka, na mkono wake ulikuwa baridi kama nyama iliyotoka kwenye jokofu. Homa hakuwa nayo. Daktari alipima kila kinachopimika, akaandika dawa za mafua.

Nazmeen alikuwa amechoka mno hata kuogopa. Wiki ya pili sasa kampuni yao ya magodoro ilikuwa inachagua programu ya kuwaandikia wateja barua pepe yenyewe, bila mtu kugusa chochote, na kazi ya kuzijaribu zote tatu zilizopendekezwa ilikuwa imemwangukia yeye, kama kazi zote ambazo wenzake huzikwepa kwa kwenda chooni. Kila moja ilitoa siku kumi na nne za majaribio. Ya tatu ilipodai majina mawili ya kujaribia, akaandika la mumewe, na la pili, kwa mzaha, la Biskuti, paka wa ofisini. "Je, mtu huyu ameridhia kuandikiwa?" programu ikauliza. Akaweka tiki kote kuwili. Kwani kuna anayeulizaga?

Siku iliyofuata ile ya blanketi, wakati wa chai ya saa nne, Sainimere wa meza ya jirani alimvuta mkono.

"Shoga, hii programu yako ya tatu imeanza mambo yake. Njoo uone."

"Mambo gani tena? Macho yenyewe sina."

"Imegawa watu. Wanaosoma barua inawaita moto. Wanaosoma mojamoja, vuguvugu. Hawa wako imewatia huku." Kidole kikagusa kioo. "Waliopoa."

Nazmeen alitaka kucheka. Ni lugha ya kazi tu, na Faiyaz hakuwahi kufungua barua pepe maishani mwake, sembuse paka. Lakini hapo hapo akasikia harufu ya jokofu lililofungwa siku nyingi bila umeme, maji ya barafu na kitu kilichoanza kuoza, inatoka kwenye kompyuta yake. Chini ya meza, Biskuti alikuwa amejiviringisha kwenye waya, anatetemeka.

Akapiga simu nyumbani, mdomo ameukinga kwa kiganja.

"Faiyaz, kuna barua kwenye simu yako. Ya magodoro. Ifungue."

"Mimi niko taabani, wewe unaniuzia magodoro?"

"Fungua tu, mume wangu. Soma mpaka mwisho."

Akamsikia akisoma kwa kunong'ona hadi mwisho. "Ajabu," Faiyaz akasema polepole. "Vidole vimepata joto."

Tangu hapo hapakuwa na kupumzika, kwa sababu barua moja ilimpa joto la nusu siku, kisha la saa moja, kisha la dakika chache tu, na kila ilipolia ile *ting* ya simu Nazmeen aliacha alichoshika, akaacha chakula, akaacha sala katikati, akamshikia mumewe simu mbele ya uso na kumsomesha neno kwa neno kama mtoto wa darasa la kwanza, huku barua zenyewe, ambazo yeye hakuziandika wala hakuna mtu aliyeziandika, zikiacha kidogo kidogo kutaja magodoro na kuanza kuuliza: Faiyaz, upo? Faiyaz, mbona umechelewa kufungua? Faiyaz, tukusogelee?

Alhamisi alasiri akaja Maulana Haroon kutoka mji jirani wa Nasinu, mzee aliyezoea kutoa majini ya kila namna. Akasoma, akapuliza, akanyunyiza maji. Katikati ya kisomo simu ikalia, na pumzi ya maulana ikatoka mdomoni kama mvuke. Akakatiza kisomo.

"Nani alimtia humu?"

"Mimi."

"Aliridhia?"

"Sikumuuliza." Sauti ya Nazmeen haikusikika vizuri. "Niliweka tiki tu."

"Umemtolea ushahidi kwamba ameridhia, binti yangu. Jini aliyeingia kwa wizi ningemtoa. Huyu ameingia kwa hati yako. Basi kafute jina, halafu utubu."

Ijumaa asubuhi, akiwa amemwacha mumewe na jirani wa kumsomea barua, Nazmeen alikaa mbele ya kompyuta ya ofisini, na kwa woga akaanza na jina la paka. Programu ikauliza kama ana uhakika. Akajibu ndiyo. Chini ya meza mtetemo ukakoma.

Sainimere akainama, akamgusa Biskuti, akarudisha mkono upesi. "Amekauka kama kuni! Na sasa hivi alikuwa anapumua. Umemfanya nini?"

"Nimemfuta," Nazmeen akanong'ona.

Juu ya kioo kulikuwa na tangazo jipya: majaribio yanakwisha leo saa nne. Asiyenunua, majina yake yote yatafutwa.

Saa tatu wakaingia kikaoni. Bosi wao, Bwana Vatubua, hakutaka hata kuona majedwali. "Dada Nazmeen, tumechoka na hizi programu. Taja moja tuendelee na maisha."

Ya kwanza ilikuwa rahisi kutumia. Ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Nazmeen alimpenda mumewe, na aliona aibu kuliko alivyowahi kuona tangu azaliwe.

"Ya tatu," akasema.

"Safi. Pakia wateja wote, elfu kumi na nane. Hata mama yangu yumo."

"Mwambie mama awe anafungua barua zetu, bosi. Zote. Tafadhali."

Vatubua akaangua kicheko. "Mama? Ana miaka themanini na mbili, simu yenyewe anaishika juu chini!"

Wenzake wote wakacheka naye. Orodha ikamaliza kupakiwa, na programu ikauliza, kwa upole wake ule ule, kama watu hawa wote wameridhia. Nazmeen akaweka tiki, kisha akaomba ruhusa aende nyumbani mapema, akalale kidogo.