Nyasi za Sungura, Nyasi za Migomba

Kila asubuhi, kabla ya kengele kulia, Kokuberwa alikuwa wa kwanza kufika kwenye vibanda vya sungura. Alisoma darasa la sita katika shule ya msingi wilayani Muleba, katika miaka ile ambayo kila shule iliagizwa kujitegemea kwa jembe na jasho la wanafunzi wake. Kundi lake lilitunza sungura. Aliwatupia mzigo wa nyasi, akawapapasa migongo iliyonona, kisha akaenda mstarini akiwa ameinua shingo.

Siku hiyo Mwalimu Karugendo, aliyehamia kutoka Bukoba kusimamia miradi ya shule, alisimama mbele yao bila kutabasamu.

"Tuna migomba, maharage, miche ya kahawa, sungura, sabuni na ufinyanzi," alisema. "Mikono yetu haikuongezeka. Tunaacha sabuni, ufinyanzi na sungura, basi!"

Kokuberwa alishtuka. Sabuni ilikuwa haigandi na vyungu vilipasuka, hilo alilielewa. Lakini sungura?

"Wamenona, na mwalimu anaishi peke yake," Datius, mwenzake wa darasa, alimnong'oneza kutoka nyuma. "Sufuria lake litanukia, weee!"

Tangu hapo Kokuberwa hakumwondolea mwalimu macho. Alimwona akiinua sungura mmoja mmoja kana kwamba anapima nyama. Alimwona akizungumza na mtu mmoja mwenye baiskeli nyuma ya jiko, na wote wawili wakanyamaza alipopita. Jumamosi vibanda vilikuwa vitupu. Jioni, akitoka kuteka maji, alikutana na mwalimu na yule mwenye baiskeli njiani. Baiskeli ilibeba matenga yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, sungura wetu umewala?" Maneno yalimtoka kabla hajayazuia.

Mwenye baiskeli aliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alifunua tenga. Lilijaa samadi ya ng'ombe.

"Sungura wako shule ya kijiji cha ujamaa, kule nyikani. Wenzetu wana nyasi tele na ng'ombe. Wametupa samadi. Nifuate."

Alimwongoza hadi kwenye migomba ya shule. Ardhi ilikuwa tupu na ngumu, mizizi imechomoza nje, na mikungu ilikuwa midogo ya kutia huruma.

"Nyumbani, mama yako hutandaza nini kibanjani, chini ya migomba?"

"Nyasi, Mwalimu."

"Na za hapa zimekwenda wapi?"

Kokuberwa aliinamisha kichwa. Aliikumbuka mizigo yote ya nyasi aliyowabebea sungura kwa fahari, akiipita migomba hiyohiyo.

"Mradi mmoja unaweza kunona huku ukiidhoofisha shule nzima," Mwalimu alisema. "Ndiyo maana hatuupimi peke yake. Kwanza tunajiuliza tunataka nini. Sisi tunataka kila mtoto ale mchana. Maharage yanakomaa upesi, ebitoke, ndizi zetu za kupika, zinatulisha mwaka mzima, kahawa itawafaa wadogo zenu. Tukizidisha hapo, mikono yetu itatawanyika bure. Na kila muhula tutaitazama yote upya, maana mradi unaofaa leo huenda kesho usifae."

"Nisamehe, Mwalimu. Nilikudhania mwizi."

"Kutia shaka si kosa. Kosa ni kumhukumu mtu kabla ya kumwuliza. Mimi nami nilikosea kutangaza bila kuwaeleza sababu. Lakini shaka yako usiitupe. Kuanzia Jumatatu utaikagua miradi yote, hata ule ninaoupenda mimi."

Jumatatu kundi la sungura lilitandaza nyasi chini ya migomba, juu ya samadi. Kisha Kokuberwa akaenda kwenye kitalu cha kahawa, ambacho Mwalimu Karugendo alikitunza kama mboni ya jicho lake. Alikizunguka polepole.

"Mwalimu," alisema, akijikaza, "miche hii imezidi shamba tulilo nalo. Inakunywa maji ya maharage."

Datius alifumba macho akingojea ngurumo. Mwalimu aliinama, akaitazama miche, akalitazama shamba. Kisha akavua koti.

"Leteni matenga," alisema. "Inayozidi tutawagawia wazazi wenu."