Mapacha Ndani ya Maji Moto

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alikwenda chuoni kumsaidia shangazi yake, mtafiti wa samaki. Jina hilo alibandikwa na bibi yake, kwani mdomo wake haukupumzika hata akipiga mswaki. Kazi yake ilikuwa kulisha samaki na kusugua mwani wa kijani kwenye vioo vya matangi.

Katika tangi la kwanza waliishi madume na majike. La pili lilikuwa na majike matupu, kila mmoja nakala ya mama yake. Ili wazae, mbegu za madume wa jamii nyingine ya karibu huyaamsha tu mayai yao yaanze kukua. Hawawarithishi watoto chochote. Chiriku aliwaita Mapacha.

"Leo tutapasha maji polepole," alisema shangazi. "Samaki akianza kupepesuka, soma kipimajoto, kisha mhamishe haraka kwenye maji ya kawaida. Nadhani Mapacha watashindwa mapema. Hawapati damu mpya ya kuwaimarisha, na wamefanana mno: joto likimwelemea mmoja, limewaelemea wote."

Shangazi alisimamia tangi la kwanza, Chiriku la pili, wavu mkononi, macho kodo. Maji yalizidi kupata moto, lakini Mapacha walizunguka kwa maringo kama maharusi. Walianza kupepesuka joto lilipofika nyuzi arobaini. Chiriku akawahamisha wote salama.

"Wangu wamefika arobaini," shangazi alisema. "Wako je?"

Chiriku alimtazama. Shangazi aliisubiri siku hii kwa miezi mingi.

"Thelathini na sita," alijibu.

"Nilijua mimi!" Shangazi aliruka, kandambili moja ikamtoka. Akamwita mwanawe, Mapengo, aliyekuwa akifagia ukumbini. "Njoo umwone mama yako! Jumatatu nawatangazia wenzangu wote!"

Mapengo alicheka, kisha akamgeukia binamu yake. "Mama, Chiriku amenyamaza. Tumpeleke hospitali?"

Chiriku aliuweka wavu chini. "Shangazi, nimekudanganya," alisema kwa sauti ndogo. "Wangu pia wamefika arobaini. Nilitaka ufurahi."

Shangazi alivuta kigoda, akaketi.

"Ningewapotosha watu wengi kwa kinywa changu mwenyewe," alisema hatimaye. "Ahsante kwa kuniambia mapema. Wiki ijayo tutarudia na samaki wengine, na sote watatu tutasoma kipimajoto."

Walirudia. Matangi yote mawili yalitoka sare.

"Kumbe nilikosea!" Shangazi aliangua kicheko. "Mapacha hawa wanapata wapi ukakamavu wao? Sasa nina swali tamu kuliko lile la kwanza!"

"Hukukasirika?" Chiriku aliuliza.

Shangazi alimshika bega. "Kukosea hakuniumizi, mwanangu. Kuambiwa uongo ndiko kunakoniumiza, hata ukiwa wa kunifurahisha. Ukinipenda, niambie ulichokiona, si ninachotaka kusikia."