Binti Radi na Ua Jeusi

Haya, sogeeni karibu. Mwenye maziwa amalize maziwa yake. Mwenye kupiga miayo asubiri kwanza, maana ukilala utamkosa Binti Radi.

Mnamjua Binti Radi? Yule shujaa wa kwenye televisheni! Ana joho la buluu mgongoni. Ana radi nyeusi shavuni.

*Vuuu! Pa! Binti Radi karuka!*
*Haogopi giza, haogopi nyoka!*

Sasa niwaambie siri. Binti Radi si mkubwa hata kidogo. Ana miaka saba tu, anakaa Mombasa, na jino lake la mbele limeng'oka juzi. Jina lake la nyumbani ni Nimra.

Kipindi chao hupigwa picha ghorofani, juu ya duka la vigae. Lori ni la boksi. Nyoka ni mpira wa kumwagilia maji. Upepo ni feni.

Nimra hulala kifudifudi juu ya stuli. Mjomba Kazungu, anayeshika kamera, huwasha feni. Vuuu! Ukitazama kwenye televisheni, unamwona Binti Radi juu ya mapaa ya nyumba.

Wewe, usicheke. Shujaa ni shujaa tu, hata akiwa juu ya stuli.

Basi siku hiyo walikuwa na kipindi maalumu. Binti Radi alitaka kujua watu wa kwao walitoka wapi. Walitoka Pakistani, kule mbali, ng'ambo ya bahari.

Na Nimra naye, watu wa kwao walitoka hukohuko Pakistani. Ndiyo maana Dada Saumu, mwongozaji wa kipindi, alimwambia, "Nimra, kesho njoo na kitu cha kwenu. Kitu cha zamani. Kesho hatuvai joho."

Nimra akaenda mbio kwa Dadi. Kwao Nimra, mama yake baba huitwa Dadi.

Dadi alifungua sanduku lake. Kriii! Akatoa mtandio.

Lo! Mtandio gani huo! Ulikuwa mwekundu, na maua ya njano kila mahali. Maua ya uzi wa hariri, yameshonwa kwa mkono, moja moja.

"Huu alinishonea mama yangu," Dadi alisema. "Alishona miaka mitatu. Nilipoolewa nikapanda meli kuja huku, nikaja nao."

"Mama yako alikuwaje, Dadi? Nionyeshe picha."

"Sina picha, beti." Dadi humwita Nimra beti, yaani binti yangu. "Mama yangu hakupigwa picha hata moja. Nina mtandio huu tu."

Nimra aliugusa kwa kidole kimoja. Akauliza polepole, "Utaniazima?"

Dadi alimtazama Nimra. Akautazama mtandio. Akamtazama tena Nimra.

"Nitakuazima," alisema. "Lakini sikiliza. Usiuburute chini. Usile chakula ukiwa umeuvaa. Na usijifutie uso!"

"Sitajifutia, Dadi."

"Uso wako nautilia shaka," alisema Dadi.

Asubuhi, Dada Saumu akachukua brashi na rangi nyeusi. "Tulia. Usicheke." Akachora radi shavuni, kutoka jichoni mpaka kidevuni.

Nimra akajifunga mtandio shingoni. Akapanda juu ya stuli. Mjomba Kazungu akawasha feni, na mtandio ukapepea nyuma yake, mwekundu na njano, mwekundu na njano.

*Vuuu! Pa! Binti Radi karuka!*
*Haogopi giza, haogopi nyoka!*

"Safi sana!" akasema Dada Saumu. "Tena!"

Nyiiiii! Chini dukani wakaanza kukata vigae.

"Aa, jamani!" akasema Dada Saumu. "Tungoje kidogo!" Feni ikazimwa. Kila mtu akangoja.

Mnalijua joto la Mombasa? Feni ikizimwa, basi tena. Tone la jasho lilitoka kwenye nywele za Nimra. Likashuka kwenye paji la uso. Likafika puani. Likamtekenya.

Haya, niseme ukweli. Alijifuta. Kidogo tu, kwa pembe ya mtandio. Fyu!

Usinitazame hivyo. Wewe hujawahi?

Nimra aliutoa mtandio usoni. Akaitazama ile pembe. Akaitazama tena.

*Maua yote ya njano.*
*Moja jeusi.*

"Mamaaa!" alisema Nimra kimoyomoyo. "Rangi ya radi!"

Alikimbia bombani. Akalowesha kidole, akalisugua lile doa. Fiki fiki fiki. Halitoki.

Akatia sabuni. Fiki fiki fiki. Halitoki.

Akatia mate, maana mate ya shujaa huenda yana nguvu. Fiki fiki fiki. Wapi!

*Maua yote ya njano.*
*Moja jeusi.*

"Nimra!" Dada Saumu aliita. "Dakika tano! Halafu bibi yako yuko njiani, anakuja kututazama!"

Moyo wa Nimra ukadunda. Du! Du! Du! Akatazama huku, akatazama kule. Akaliona lori la boksi. Akaingia ndani, akajikunyata pamoja na mtandio.

Mjomba Kazungu alianza kumtafuta. "Binti Radi? Jamani, shujaa wangu kaenda wapi?" Alitazama chini ya meza. Akatazama nyuma ya pazia. Akatazama hata ndani ya ndoo.

Mle ndani ya boksi mlikuwa na vumbi. Nimra aliibana pua. Aliibana sana. "Chyaa!"

Mjomba Kazungu alilitazama lori. "Mh," alisema. "Hili lori lina mafua." Akaendelea kutafuta, maana alikuwa mtu mwenye adabu.

Nimra aliwaza. "Nikiukunja vizuri, doa nikaliweka ndani, Dadi hataliona. Ataurudisha sandukuni. Hatajua kitu."

Halafu akakumbuka. Mama yake Dadi hana picha. Kuna mtandio huu tu.

Machozi yakamlengalenga.

Ngazini kukasikika viatu. Para. Para. Para. Alikuwa Dadi.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mjomba Kazungu.

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu yuko wapi?"

Binti Radi haogopi giza, haogopi nyoka. Lakini Nimra aliogopa. Hakuogopa kugombezwa. Aliogopa Dadi asije akalia.

Akahesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Mbili na nusu. Tatu!

Akatoka ndani ya lori.

"Dadi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nimejifuta uso. Rangi imeingia kwenye mtandio wa mama yako. Nimesugua, haitoki. Nisamehe, Dadi." Hapo machozi yakamwagika.

Chini, wale wa vigae walizima mashine yao.

Dadi alikaa juu ya stuli. Akafungua mkoba wake. Akatafuta miwani. Akatoa kitana, siyo. Akatoa peremende, siyo. Akatoa miwani. Akaifuta, hu, hu, hu, taratibu kabisa. Akaivaa.

"Nionyeshe."

Nimra alimpa pembe ya mtandio.

Dadi aliisogeza karibu na macho. Akaisogeza karibu zaidi, mpaka pua ikagusa uzi. Halafu akatazama shavu la Nimra.

"Mwanangu Kazungu," alisema, "hebu niletee kioo."

Mjomba Kazungu akaleta kioo.

"Jitazame, beti. Radi yako imefutika?"

Nimra akajitazama. Radi ilikuwa palepale, nzima! Kutoka jichoni mpaka kidevuni. Haikupungua hata kidogo.

"Haikufutika," alisema Nimra.

"Sasa kama rangi iko shavuni, mtandio umechafuliwa na nini? Gusa hapa. Gusa kwa kidole. Unasikia nini?"

Nimra akafunga macho, akagusa. Kitu kilikuwa laini. Kilikuwa na vinundu vidogo vidogo. Akafumbua macho.

"Uzi! Dadi, ni uzi!"

"Ni uzi, beti. Uzi mweusi."

Dadi akaanza kucheka. Alicheka mpaka bangili zake zikalia, cheng cheng cheng. Mjomba Kazungu naye akacheka, ingawa hakujua anacheka nini.

Nimra alishusha pumzi. Haaaaa! Alihisi kama mtu aliyebeba gunia la unga siku nzima, akalitua.

"Mama yangu alishona maua yote ya njano," alisema Dadi. "Mtandio ukapendeza mno. Mno! Akasema, kitu kizuri namna hii kitapatwa na kijicho. Basi akachukua uzi mweusi, akashona ua moja, makusudi. Kule kwetu wengi hufanya hivyo."

"Kwa nini jeusi?" akauliza Nimra.

"Mtoto mchanga akipendeza, hatumpaki nukta ya wanja usoni, asipatwe na kijicho?"

"Hata kwetu tunampaka!" akasema Dada Saumu.

"Basi hiyo ndiyo nukta ya wanja ya mtandio," alisema Dadi.

Halafu Dadi akaacha kucheka. Akalipapasa lile ua dogo, polepole, kwa kidole gumba.

"Siku niliyoondoka, mama aliniambia hivi. Binti yangu, ukinikumbuka, litafute ua jeusi. Nikawa nalitafuta, nalipata. Lakini sasa macho yangu yamechoka. Mwaka wa nne huu nalitafuta silioni. Nilidhani limechakaa, uzi umetoka, limekwenda zake. Sikumwambia mtu."

Akamvuta Nimra kifuani. "Kumbe lipo! Na wewe umeliona. Umenirudishia mama yangu, beti!"

Machozi yakamtoka Dadi. Lakini Nimra hakuogopa, maana Dadi alikuwa anatabasamu.

*Maua yote ya njano.*
*Moja jeusi!*

"Ila uso ulijifuta," alisema Dadi.

"Nilijifuta," alisema Nimra.

"Nilijua tu! Uso wako niliutilia shaka." Akampa peremende.

Dada Saumu alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Mara akaruka. "Kazungu! Kamera! Bibi, tafadhali, usiondoke hapo kwenye stuli!"

"Mimi?" akasema Dadi. "Kwenye televisheni? Na ndara hizi?"

"Na hizo hizo!"

Basi Binti Radi akaketi chini, miguuni pa Dadi. Feni ikawashwa, vuuu. Binti Radi akauliza, "Dadi, sisi tumetoka wapi?"

Dadi akafungua mtandio mapajani. "Njoo nikuonyeshe," alisema. "Anza kutafuta ua jeusi."

Nyiiiii! Wale wa vigae! Lakini safari hii hakuna aliyejali. Mjomba Kazungu hakuzima kamera.

Jioni, nyumbani, Nimra alioga. Dadi akamfuta ile radi kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Ilitoka yote. Shavu likabaki shavu.

Nimra akapanda kitandani. Dadi akamfunika na ule mtandio. Kwa leo tu, alisema, kwa leo tu, na wala usizoee.

Kisha Dadi akachukua kichupa cha wanja. Akachovya kidole. Akamwekea Nimra nukta moja, ndogo, nyuma ya sikio.

"Hii ya nini, Dadi?"

"Kijicho," alisema Dadi. "Na wewe umependeza mno."

Nimra akacheka kwa lile pengo lake. Akaitafuta pembe ya mtandio kwa vidole. Akalipata lile ua, laini, lenye vinundu vidogo vidogo. Akalishika.

"Usiku mwema, mama yake Dadi," alisema.

*Vuuu... Vuuu... Binti Radi kalala.*
*Haogopi giza. Haogopi kitu.*

Na nyie je? Maziwa yamekwisha? Mmejifuta midomo kwa nini, kwa shuka? Nilijua tu! Haya, fumbeni macho, niwazimie taa.