Mdeki Wenye Alama

Ilikuwa miaka ile ambayo pembe za ndovu zilikwenda pwani mabegani mwa watu, na nguo za merikani na kaniki zikarudi bara kwa mabega hayo hayo. Katika nchi ya Usangwe, mwendo wa siku sabini kutoka baharini, kijana hakuitwa mwanamume mpaka aione bahari na kurudi. Lugendo alikuwa ameiona mara tano. Alikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara, mwenye joho jekundu mabegani na manyoya ya mbuni kichwani, na watu sitini na wanane walikanyaga alipokanyaga yeye.

Nyuma yake, safari zote tano, alitembea Mihayo, mtoto wa shangazi yake. Katika Usangwe mabinamu ni watani, tena watani wasiooneana haya, na Mihayo hakumwacha Lugendo apumue.

"Tazameni kirangozi wetu," angesema mizigo ikiwa mizito na maji yakiwa mbali. "Kichwani mbuni, miguuni mbuni. Akitaga yai tu, tumekwisha kupata chakula cha leo."

Msafara mzima ungecheka, na mizigo ingepungua uzito kidogo.

Walirudi kutoka safari ya tano wakati mtama unakatwa. Boma la Usangwe lilikuwa na uzio wa magogo mazito, urefu wa watu wawili, na lango moja. Desturi ilikuwa kwamba msafara ukifika langoni, wenye bunduki hujipanga na kuzipiga zote kwa pamoja hewani, ili waliobaki nyumbani wajue kwamba watu wao wamerudi salama. Basi bunduki ishirini za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zikaelekezwa juu, Lugendo akapaza sauti, na mlio ukatikisa mapaa. Moshi ukawafunika. Wanawake wakatoka mbio wakipiga vigelegele.

Bunduki kumi na tisa zililia. Ya Lugendo haikulia. Jiwe lake lilikuwa limelika kwa safari ndefu, likagonga chuma bila kutoa cheche, na baruti ikabaki ndani imeshindiliwa pamoja na risasi yake. Katika kishindo kile, mabega yakigongana pande zote, yeye mwenyewe hakujua. Alisikia mlio, akaona moshi, akaamini ni wake.

Waliingia wakicheza. Mihayo alitua mzigo mbele ya nyumba ya mama yake, Nyamizi, akajinyoosha mgongo, kisha akamgeukia binamu yake mbele ya watu wote.

"Shangazi yako amepika ugali wa watu," alisema. "Mbuni watakula mchanga nje."

"Nitakuuza kwa Wagogo wewe," alisema Lugendo, akicheka.

"Nani atanunua kwako? Huna hata ulimi wa kutaja bei."

"Basi nitakupiga risasi, tule ugali wako."

"Piga, kama mbuni ana vidole!"

Watu walikuwa wanacheka. Lugendo aliivuta nyuma nyundo ya bunduki, akamwelekezea binamu yake kama walivyokuwa wakielekezeana fimbo tangu utotoni, akafyatua. Mara hii jiwe lilitoa cheche.

Mihayo alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Kaniki yake ililowa kifuani. Wanaume watatu wakamrukia Lugendo, wakamwangusha, mmoja wao ameshika kisu, na pengine historia ya Lugendo ingekwisha hapo. Lakini Mihayo aliinua mkono.

"Mwacheni," alisema. Kila neno lilimgharimu pumzi. "Tulikuwa tunataniana. Mmesikia wote? Ni utani. Mimi ndiye niliyesema apige."

Aliwatazama mmoja mmoja mpaka wakaitikia. Kisha akaegemeza kichwa kwenye paja la mama yake, akafa.

Kesho yake wazee wa Mtemi walikaa barazani. Wengine walitaka Lugendo afukuzwe nchini, wengine walitaka damu yake. Yeye hakujitetea. Alikaa ardhini bila joho wala manyoya, akingoja. Nyamizi aliingia amenyoa nywele, amejipaka majivu ya msiba.

"Mwanangu alitumia pumzi zake za mwisho kumwokoa huyu," alisema. "Angeweza kuzitumia kuniaga mimi. Hakuniaga. Sasa mnataka nizitupe?"

Akasogea mbele ya wazee.

"Nauliza jambo moja tu. Bunduki ishirini zilipigwa langoni. Nani alijua kwamba moja imebaki na kitu tumboni?"

Akajijibu mwenyewe.

"Hakuna aliyejua. Mliingia nazo majumbani mwetu, mkaziegemeza karibu na watoto wetu, na hakuna aliyejua. Basi nataka awepo mtu mmoja nchi hii ambaye kazi yake ni kujua. Nataka awe huyu. Na kila ninapoisikia bunduki, nimwone yuko kazini."

Hivyo ndivyo Lugendo alivyoacha njia ya pwani. Alichukua mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia baruti, akautia katika mtutu mtupu wa bunduki yake mpaka ukagusa chini, kisha kwa tupa akauchonga alama pale ulipolingana na mdomo wa mtutu. Bunduki ikiwa tupu, alama huzama mpaka mdomoni. Ikiwa imeshindiliwa, alama husimama juu, vidole vitatu au vinne. Alifanya hivyo kwa kila bunduki ya Usangwe, moja moja, kwa kuwa hazikulingana. Tena akatangaza amri tatu ambazo Mtemi alizikubali: bunduki haiingii bomani kabla ya kupimwa, haielekezwi kwa mtu, hata kwa utani, hata ikiwa imepimwa, na haiingii kabisa katika nyumba ya baruti.

Vijana walimwita Bwana Mdeki. Walimwiga mwendo wake. Yeye aliwaacha. Kila asubuhi kabla ya jua kali alilima shamba la Nyamizi, na Nyamizi alimpa uji, akamshukuru kwa upole kama anavyoshukuriwa mgeni. Miaka mitatu ilipita hivyo. Hakumkaripia hata siku moja, na hakumtania hata siku moja, ingawa katika Usangwe shangazi ana haki hiyo. Lugendo alipokea uji kwa mikono miwili na kujiambia kwamba amepewa zaidi ya stahili yake, na ilikuwa kweli.

Mwaka wa nne rugaruga walikuja. Walikuwa wapiganaji wa kukodiwa, waliovaa vilemba vyekundu na mikufu ya meno, wametumwa na mtawala wa jirani aliyeitaka njia ya pembe iwe yake. Walilizunguka boma kwa siku mbili. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, walileta gogo la mvule na kuanza kuligonga lango.

Kiongozi wa walinzi wa lango alikuwa Kapufi, mtu mfupi, hodari, asiyejua kusubiri. Wanaume walipiga kutoka kwenye matundu ya uzio, wakarudi nyuma, wakaegemeza bunduki kwenye kigingi nje ya nyumba ya baruti, Lugendo akazipima haraka, nao wakaingia mikono mitupu kujaza baruti katika pembe zao. Ndani walikuwa wanawake kumi na mmoja wakipima baruti kwa vibuyu kutoka katika mitungi mikubwa. Aliyeshika kibuyu karibu na mlango alikuwa Nyamizi.

Kapufi alikuja mbio na bunduki mkononi. Pembe yake ya baruti ilikuwa imepasuliwa na mshale.

"Pisha!" alisema. "Sina pembe. Nashindilia humo humo ndani."

"Bunduki haiingii, Bwana Kapufi."

"Lango linavunjika!"

"Nalisikia. Nipe bunduki. Ingia, nitakupa pembe yangu."

"Wewe uliyemuua binamu yako kwa mchezo ndiye wa kunifundisha mimi bunduki?"

Wanaume waliokuwa wakingoja walitazama chini. Lugendo alihisi neno lile likimwingia, likakaa mahali pake pa zamani.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ndiye hasa. Nipe."

"Nimepiga sasa hivi! Mkono unaniuma kwa kupiga!"

"Hata mimi niliamini hivyo."

Alinyoosha mkono akaishika bunduki kwenye mtutu, akauelekeza juu, na Kapufi, kwa hasira au kwa haraka, akaiachia. Lugendo akautelemsha ndani mdeki wa bunduki ile. Ulizama, ukagota. Alama ilisimama juu ya mdomo wa mtutu, vidole vinne kamili.

Nyuma yao gogo liligonga tena, na udongo ukamwagika kutoka kwenye paa la lango. Ndani ya nyumba Nyamizi alikuwa ameacha kupima. Aliitazama ile alama.

Lugendo alichomoa mdeki. Alienda hatua sita mpaka kwenye tundu la uzio, akatoa mtutu nje kuelekea waliobeba gogo, akavuta nyundo, akafyatua. Ikagonga kavu. Akavuta tena. Bunduki ikalia, ikamrudisha bega nyuma, na nje mtu wa mbele wa gogo akaanguka. Wenzake wakayumba, gogo likawaponyoka likawaangukia miguuni.

Kapufi alisimama akiangalia mlango wa nyumba ya baruti, mitungi, wanawake, vumbi jeusi lililotanda kwenye sakafu. Mke wake mwenyewe alikuwa wa pili kutoka mlangoni.

"Badili jiwe," alisema Lugendo, akimrudishia bunduki na kumtupia pembe yake. "Limelika. Kisha ukapigane."

Kapufi alibadili jiwe, akaenda. Walinzi walipiga kwa zamu mfululizo, kwa kuwa baruti iliendelea kutoka mlangoni bila kukatika. Kabla ya saa kumi rugaruga walikuwa wameliacha gogo lao pale pale na kushika njia ya magharibi, wakibeba majeruhi wao.

Waimbaji wa Usangwe walitunga nyimbo za siku ile. Waliimba lango ambalo halikuvunjika, wakamwimba Kapufi aliyetoka nje na kulipanda gogo la adui kama farasi. Mdeki hawakuuimba, wala Lugendo hakutaka. Lakini Kapufi, ambaye hakuwa mtu wa kuomba radhi, alikaa siku nzima na tupa, akazikoleza upya alama za mideki yote ya Usangwe kwa mkono wake. Na kwa vizazi vingi baadaye, mgeni aliyefika Usangwe na bunduki alipokewa kwanza na mtu aliyeshika ufito wa chuma, ndipo akapewa maji.

Jioni ile ile ya ushindi Lugendo alikwenda kwa Nyamizi kumjulia hali. Jua lilikuwa bado juu ya uzio. Nyamizi alikuwa ameketi kizingitini, mikono bado myeusi kwa baruti, na mbele yake kulikuwa na chungu cha ugali na vijiti viwili vya nyama. Lugendo akasimama mbali kidogo, kama alivyozoea, akingoja uji wake wa mgeni.

"Shangazi, umeshindaje na shughuli hizi?" aliuliza, bila kujua aseme nini kingine.

Nyamizi alimtazama kutoka chini mpaka juu, polepole. Kisha uso wake ukaanza kubadilika pembeni mwa midomo.

"Kichwani mbuni umeacha," alisema, "lakini miguuni umebaki vile vile. Kaa chini ule, kabla hujataga."

Lugendo alikaa. Alijaribu kucheka, akashindwa, akajaribu tena. Nyamizi alimkatia tonge, akamtilia mkononi.